Paka Harudishwi

Mama yangu hawezi kumpa mtu paka bure. Unga atakupa. Kitanda chake atakupa, yeye alale chini. Lakini paka lazima umlipie kwa kitu, hata kiwe chumvi ya kuokota kwa ncha za vidole. Usipolipa, anasema, paka huyo hatakukalia. Nilimuuliza sheria hiyo imetoka wapi. Akasema imetoka kwao, Machakos. Nikamwambia nimekaa chuoni na watu wa Machakos miaka yote ile na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia habari za paka na chumvi.

"Hao walikuja kusoma," alinijibu. "Hawakuja kukufundisha adabu."

Ndivyo nilivyojikuta dukani Kawangware, mtu mzima mwenye digrii ya falsafa, nikinunua pakiti ya chumvi ya kumlipa mama yangu, chumvi ambayo angeitia kwenye sufuria ambayo ningekula mimi mchana uleule. Aliipokea kwa mikono miwili kama mahari. Kisha akaingia uvunguni mwa kitanda, akatoka na mtoto wa paka wa kijivu aliyekuwa mdogo kuliko kiatu changu, na mkono wa pili akashika gunia.

"Gunia la nini?"

"Asione njia. Ukimtia humu umzungushe, apoteze mwelekeo. La sivyo atarudi hapa."

"Mama, kutoka hapa hadi Kibera kuna Ngong Road. Huyu hajui hata kushuka kwenye kiti."

"Akiona njia atarudi."

"Atarudi na nini, bodaboda?"

"Bishana tu," alisema. "Ulizaliwa ukibishana. Nesi ni shahidi."

Sikumtia kwenye gunia. Nilimbeba kwenye mfuko wa kitambaa, kichwa kikiwa nje, aone kila kitu alichotaka kuona: vibanda vya nguo, mikokoteni, watu wakimcheka. Nilitembea naye hadi Kibera nikiwa nimemwekea mkono kifuani, na njia nzima nilihisi moyo wake ukienda mbio chini ya kidole changu. Kama njia ilikuwa siri, basi mimi niliitoa yote.

Watu waliniuliza kama nimemchukua kwa sababu ya panya. Hapana. Nilimchukua kwa sababu siku niliyokwenda kuwatazama uvunguni, wenzake wote walikimbilia kwa mama yao, yeye akabaki, akanifokea, akanishika kidole kwa kucha na akakataa kuachia. Nilimwelewa.

Naishi Kibera, upande wa Makina, kwenye ploti ya vyumba vya mabati vilivyopangwa mstari mmoja, na mbele yake kuna ua mwembamba wa kufulia na kuanikia. Kazi yangu ni ya mtandaoni. Nasikiliza rekodi za mikutano ya watu nisiowajua na kuandika walichosema. Nashinda ndani siku nzima na visikizi masikioni, kwa hiyo siku za kwanza za paka yule nilizishuhudia zote, dakika kwa dakika.

Siku hizo zilikuwa za kuhara. Nilimpa maziwa, kama kila kitabu cha shule ya msingi kinavyofundisha kwamba paka hunywa maziwa, na maziwa yakamtoka kwa nyuma jinsi yalivyoingia. Niliyaacha siku hiyohiyo. Nikaanza kumchemshia omena, yaani dagaa, bila chumvi, nazipondaponda kwa uma na kutoa vichwa, nachanganya na maji yake, na kumpa kidogo kidogo mara nyingi. Karai la zamani nililijaza maranda kutoka kwa fundi seremala, nikamwekea pembeni. Alilielewa mara moja, jambo ambalo hadi leo linanishangaza, kwa maana hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na viroboto hadi kwenye nyusi. Jirani yangu wa mlango wa pili aliniazima kitana chake cha chawa, nikamwosha paka kwa maji vuguvugu yenye sabuni, kisha nikamchana juu ya beseni la maji, kiroboto mmoja mmoja, huku yeye akinitukana kwa lugha yake. Baadaye nikamkausha kwa shati langu la mahafali. Halikuwa na kazi nyingine.

Huyo jirani ploti yote inamwita mama baby, maana ana mtoto mchanga ambaye wakati huo alikuwa hajaanza hata kutambaa. Mume wake hufanya kazi mbali na huja mwisho wa mwezi. Alikuwa akisimama mlangoni kwangu na mtoto begani, akitazama ninavyoponda omena.

"Wewe, utamharibu huyo. Paka akishiba hashiki panya."

"Nani amepima?"

"Kupima nini?"

"Nani amechukua paka mwenye njaa na paka aliyeshiba akawalinganisha?"

"Haki wewe," alisema akicheka, "hata ukiambiwa moto unachoma utauliza nani ameungua."

Si yeye tu. Ploti nzima ilikuwa na ushauri. Mfunge kamba mguuni mwa kitanda, asizoee kutoka. Mkate ncha ya mkia, akue haraka. Usimwangalie machoni akiwa anakula. Nilisikiliza yote na sikufanya hata moja. Nilijua wananiona mjeuri, na sikuona sababu ya kuwarekebisha. Mtu akiniambia nimnyime chakula kiumbe ambaye anatoshea kwenye kikombe, ili siku moja awe mkali, namwomba ushahidi. Asipokuwa nao, naendelea kuponda omena.

Kisha asubuhi moja mama baby alitoka nje akipiga kelele. Panya alikuwa amewashukia kitandani wakiwa wamelala na kumng'ata mtoto kidole. Kidole kile kilikuwa kidogo kama njugu, na damu ilikuwa imeingia hadi kwenye mkunjo wa shuka. Tuliokuwa ndani sote tulitoka. Mmoja alileta maji ya chumvi, mwingine akakimbia kutafuta bodaboda ya kumpeleka zahanati. Mimi nilimshika mtoto mama yake alipokuwa akivaa viatu, na alikuwa halii tena. Alinitazama tu, kidole amekinyoosha kama anayetaka kuuliza swali.

Walirudi kidole kimefungwa bendeji kubwa kuliko mkono. Jioni hiyo msimamizi wa ploti, mzee aliyezaliwa hapohapo Makina na ambaye hukusanya kodi kwa niaba ya mwenye nyumba, alitukusanya uani.

"Jumamosi naweka dawa," alisema. "Paa lote. Kila mtu afungue mlango asubuhi nipande na ngazi. Hakuna mjadala."

Hapo lazima nieleze paa letu. Kuta za vyumba vyetu hazifiki juu. Zinaishia usawa wa mtu mrefu, halafu kuna uwazi mmoja kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, chini ya mabati. Ukipika samaki, ploti nzima inajua. Ukigombana, ploti nzima inajua. Na panya wana barabara yao huko juu, hawana hata kona ya kukunja. Dawa ikiwekwa juu ya chumba kimoja, imewekwa juu ya vyote.

"Mimi sikubali," nilisema.

Watu waligeuka. Nilikuwa nimemshika paka mkononi, na hilo halikunisaidia.

"Dawa iliwekwa mwaka jana," nikaendelea. "Panya walikufa humo juu, tukanusa uozo hadi tukahamia uani kula. Na kabla harufu haijaisha walikuwa wamerudi wengine. Sasa tunarudia nini? Halafu panya aliyekula dawa hafi hapohapo. Anashuka amelewa, anatambaa uani mchana kweupe. Huyu wangu hajui kuwinda, lakini panya anayeyumba hata yeye atamshika. Atakufa."

"Kuua paka ni dhambi," msimamizi alisema. "Hilo nakubali. Lakini mimi sitegi paka. Mimi natega panya."

"Panya akila dawa yako, na paka akamla panya, dhambi ni ya nani?"

"Ya panya," akasema mmoja kutoka nyuma, na watu wakacheka.

Mama baby hakucheka. "Msomi," aliniambia polepole, "wewe una paka. Mimi nina mtoto."

Katika masomo yangu yote sikuwahi kukutana na hoja fupi kama hiyo. Hata hivyo sikusema nimekubali. Niliingia ndani nikafunga mlango kwa kishindo, nikakaa kitandani nikiwa nimekasirika, hasa kwa sababu nilijua hajakosea.

Ningeweza kumfungia paka ndani. Nilijaribu siku iliyofuata. Chumba cha mabati kilichofungwa mlango mchana ni jiko. Nilipomkuta amelala kifudifudi mdomo wazi, nilifungua. Ikabaki njia moja, kumrudisha Kawangware hadi dawa iishe nguvu.

Ijumaa nikamtia kwenye mfuko, kichwa nje, nikaenda. Mama alikuwa nje akichambua maharagwe. Aliona mfuko kabla hajaniona mimi.

"Hapana," alisema.

"Sijasema kitu."

"Hapana. Paka harudishwi. Nimekula chumvi yako. Ukimrudisha, unanirudishia mkosi wote wa huko kwenu."

Nilimweleza juu ya dawa. Nilimweleza juu ya mtoto. Alisikiliza yote, akauliza mtoto anaendeleaje, akasikitika kwa dhati, na alipomaliza kusikitika akasema tena hapana.

"Mama, atakufa."

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kwa sheria zake, kama wakili anayefungua faili. "Akirudi mwenyewe," alisema mwishowe, "huyo ni mgeni. Mgeni hafukuzwi. Mweke hapo langoni. Akiingia kwa miguu yake, mimi sina neno."

"Huu ni mchezo."

"Basi cheza."

Nikacheza. Mimi, niliyekataa gunia na kamba na mkia kukatwa, nilimweka paka chini langoni kwa mama yangu, nikarudi nyuma, na nikaomba kimoyomoyo aingie. Mlango ulikuwa wazi. Ndani alikuwamo mama yake aliyemzaa, wenzake, na harufu ya uvungu alimozaliwa. Alinusa kizingiti. Aliinua mguu mmoja. Kisha akageuka, akaja hadi kwangu, akakaa juu ya kiatu changu.

"Umeona," mama alisema. "Hata yeye anajua."

"Anajua sakafu yako ni baridi. Hakuna zaidi."

"Haya. Sasa nenda ukagombane na watu wa huko. Mimi umeshanimaliza."

Aliniwekea maharagwe mabichi kwenye mfuko, upande wa pili wa paka, akanisindikiza kidogo na kurudi. Nilipita mtaa wa Olympic nikiwa nimejaa hasira, nikigombana kichwani na kila mtu kwa zamu: na mama, na msimamizi, na watu walioandika vitabu vya maziwa. Mama baby ndiye pekee niliyeshindwa kugombana naye. Kila nilipomfikia, alisema sentensi yake ileile.

Nilijiuliza basi yeye anataka nini hasa. Tulikuwa tumekusanyika uani, tumepiga kelele, tumecheka, na hakuna aliyemuuliza. Tulidhani anataka panya wafe. Lakini panya wakifa kutamfaa nini, kama wengine wanakuja? Alitaka panya asimfikie mtoto. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sisi sote tuliyashona pamoja bila kuangalia.

Nilifika nyumbani nikalala chali kitandani, nikatazama juu. Nilikuwa natazama dari.

Chumba changu ndicho pekee kwenye ploti chenye dari. Nilipohamia nilimlipa fundi anipigilie plaiwudi juu, kwa sababu ya joto na kelele za mvua kwenye rekodi zangu, na kingo akaziziba kwa vipande vya mabati. Majirani walinicheka. Waliniita mtu wa siling. Lakini panya hawakuwahi kushuka kwangu. Walipita juu ya kichwa changu wakaenda kushukia kwa wengine, na mimi miezi yote hiyo nilikuwa nimewaza kwamba mjadala wa panya ni wa kinadharia.

Nilitoka nikagonga mlango wa pili.

"Nikikupa siling yangu," nilimwambia mama baby, "tukaipigilie kwako, kila upenyo uzibwe, utamwambia mzee asiweke dawa?"

Alikuwa akimnyonyesha mtoto. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. "Unang'oa siling yako kwa sababu ya kapaka?"

"Ndiyo."

"Si kwa sababu ya mtoto?"

Ningeweza kusema uongo mzuri hapo. Watu wengi wangeusema. "Kwa sababu ya paka," nilisema. "Mtoto atafaidika."

Alicheka hadi mtoto akaachia ziwa. "Angalau husemi uongo," alisema. "Leta."

Tulianza Jumamosi mapema. Nilikuwa sijawahi kung'oa dari, na sipendekezi. Kila ubao uliposhuka, ulishuka na vumbi la mwaka mzima na mavi ya panya, yakanimwagikia nyweleni na shingoni. Mama baby alishika kiti, mtoto mgongoni, akinielekeza kwa sauti ya mtu aliyewahi kujenga mjini kote, na nina hakika hajawahi kujenga hata banda la kuku. Misumari tuliinyoosha kwa kuigonga juu ya jiwe. Chumba chake kilikuwa kipana kidogo kuliko changu, ikabaki nafasi ukutani, upana wa mkono. Tuliiziba kwa mabati ya makopo yaliyokatwa na yale manyoya ya chuma ya kusugulia sufuria, tukayasokomeza kwa kijiko katika kila tundu, hata yale ambayo sisimizi angeona shida kupita.

Msimamizi alitukuta tukiendelea na kazi hiyo. Alikuja na ngazi begani na ndoo ya omena zilizochanganywa na dawa, mikono ameivisha mifuko ya plastiki. Nilipoona omena zile, chakula chilechile ninachoponda kila asubuhi, nilimtafuta paka kwa macho. Paka alikuwa uani, amekaa katikati ya njia.

"Fungueni milango," alisema.

"Kwangu usiweke," mama baby alijibu kutoka ndani.

Mzee alichungulia. Aliona dari. Aliniona mimi juu ya kiti, mweupe kwa vumbi kama mwokaji mikate. "Hii ni nini?"

"Ni siling," mama baby alisema. "Panya hashuki. Mimi ndiye niliyelalamika, na mimi nimeghairi."

"Paa ni moja. Nitaweka kwa wengine."

"Ndiyo, paa ni moja. Ndiyo maana usiweke kwa yeyote."

Majirani wawili walitoka na kusema wao hawana siling, kwa nini wakae na panya kwa ajili ya paka wa mtu. Wana haki ya kuuliza. Niliwaambia hivyo. Niliwaambia pia kwamba mwaka jana dawa iliwapa wiki chache na uozo, na kama wanataka kuziba vyumba vyao nitasaidia kuziba, kwa mikono yangu, hata kesho. Lakini mtu akipanda juu na ndoo ile, apande akijua nitakuwa nimekaa kwenye ngazi.

"Utakaa kwenye ngazi yangu?" mzee aliuliza.

"Nitakaa."

"Mimi nimezaliwa Makina. Nimeona watu wakitetea ardhi. Nimeona wakitetea msikiti. Panya wa paa kutetewa, sijaona."

"Mimi sitetei panya, Mzee. Natetea huyo hapo."

Alimtazama paka. Paka alikuwa akinusa mguu wa ngazi. Mzee aliinua ndoo juu zaidi, haraka, mbali na pua ya paka, na nadhani hakukusudia tulione hilo. Kisha akaipigilia kifuniko.

"Sikiliza, msichana," alisema. "Mtoto mwingine aking'atwa kwenye ploti hii, hata kucha tu, naweka dawa bila kumuuliza mtu. Na wewe utakuja kuniomba niweke kwako kwanza, kwa sababu sasa huna siling."

"Ukiona nimekuja kuomba, nifukuze."

"Nitakufukuza," alisema, akaondoka na ngazi yake.

Alisema kweli kuhusu dari. Sasa panya wanashuka kwangu. Chakula chote nakiweka kwenye mikebe, laptopu naifunika kwa sufuria nikitoka, na asubuhi nafagia mavi mezani kabla sijaanza kazi. Mvua ikinyesha siwezi kusikia rekodi hata moja. Majirani wawili nimewasaidia kuziba vyumba. Wengine wanasubiri kuona nitachoka lini. Kidole cha mtoto kimepona, na hakuna panya aliyeshuka kwake tangu siku ile, ingawa simwambii mtu kwamba hakuna atakayeshuka. Sijui. Paka bado hajashika chochote isipokuwa mende na kamba za viatu vyangu, na bado anakula hadi anashiba.

Msimamizi akipita kuchukua kodi husimama mlangoni kwangu, anatazama juu palipokuwa na plaiwudi, anatazama kibakuli cha omena.

"Bado hujachoka?"

"Bado, Mzee," namwambia, na kumpa kodi yake.